Tundu: shajara ya mchezo wa kufundisha apecha na kina cha fokasi

Wiki ya 1

Mradi huu umezaliwa na swali nililolijibu vibaya. Mpwa wangu aliazima kamera yangu, akakaa nayo kama nusu saa akichezea apecha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ambalo hupimwa kwa namba, akarudi amekunja uso. "Mjomba, mbona nikiongeza namba tundu linapungua? 16 si kubwa kuliko 2?" Nikamwambia ndivyo ilivyo, azoee tu. Hilo ni jibu la mtu anayejua kutumia kitu asichoweza kukieleza.

Baadaye nikajiuliza angeyajulia wapi. Amepiga maelfu ya picha kwa simu, na simu nyingi zina tundu moja lisilobadilika. Tena dogo: lenzi ya simu yenye urefu wa fokasi (umbali toka lenzi hadi inapokusanya mwanga wa mbali) wa milimita 6 hivi kwa f/1.8 ina tundu la milimita 3.3. Lenzi ya milimita 50 kwa f/2 ina tundu la milimita 25. Ndiyo maana simu hutoa karibu kila kitu kikali, na ule ukungu unaopendeza nyuma ya sura za watu huwa umetiwa na programu baada ya picha kupigwa. Mtu anaweza kupiga picha miaka kumi bila kukutana na apecha hata siku moja.

Basi nitatengeneza mchezo ambamo tundu liko mkononi mwa mchezaji. Jina lake la muda ni Tundu. Lengo nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika juu ya meza: mchezaji akimaliza, aione namba ya f na aweze kuikisia picha kabla haijapigwa.

Wiki ya 2

Nimeanza na namba, kwa kuwa ndizo zilizomkwaza mpwa wangu. Mlolongo ni 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Kila moja ni iliyotangulia mara 1.414, yaani kipeuo cha pili cha 2, kwa sababu ukitaka eneo la duara lipungue nusu, kipenyo hukigawanyi kwa 2, unakigawanya kwa 1.414. Eneo likipungua nusu, mwanga nao umepungua nusu. Hizo 5.6 na 11 zimekatwa tu ili zisomeke.

Hiyo ni hesabu, haimsaidii mtoto. Siku mbili nzima nilichora vielelezo vya kueleza kwa nini namba inapanda tundu likishuka. Nilichora mizani, nikachora bomba lenye koki, vyote nikafuta. Kumbe jibu lilikuwa mdomoni mwangu muda wote. Alama yenyewe ni sehemu: f ni urefu wa fokasi, na ule mkwaju ni kugawanya. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/2 imefunguka nusu ya 50. Kwenye f/4 ni robo. Kwenye f/8 ni thumni. Sijawahi kukutana na mtu anayedhani thumni ni kubwa kuliko nusu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mchezo haina namba kabisa. Pete ya lenzi imeandikwa nusu, robo, thumni, na ukiizungusha unaliona tundu likijifunga. Namba zinaingia hatua ya tatu, chini ya maneno yale yale. 2.8 na 5.6 hazina neno, nimeziacha kama vituo vya katikati na hakuna aliyelalamika. Mpwa wangu alipoiona alikasirika kidogo: "Sasa si wangeandika hivyo tangu mwanzo?" Waliandika. Ila kwenye skrini za kamera mkwaju mara nyingi huachwa, inabaki F16, na bila mkwaju sehemu inageuka kuwa namba nzima.

Neno la pili lililonisumbua ni kina. Kina cha fokasi. Nilimwonyesha jirani mchoro wenye maneno hayo, akatafuta jibu chini ya picha, kwenye miguu ya watu. Ana haki: kina ni cha kisima, cha bahari, kinakwenda chini. Hiki cha kwetu kinalala, kinaanza mbele ya macho na kukimbilia mbali. Ndani ya mchezo nitasema "ukanda": ukanda wa ardhi ambao chochote kilichosimama juu yake kinatoka kikali. "Kina cha fokasi" litatajwa hatua ya saba, ili mtu akilikuta kwingine asilione geni.

Wiki ya 3 na ya 4

Wiki za kuchora. Nimegundua jambo ambalo nilipaswa kulijua: kamera ya ndani ya injini ya mchezo, ile programu inayouchora na kuuendesha, haina tundu. Inachora kila kitu kikali, tangu unyasi ulio chini ya pua hadi mlima, kama kamera ya tundu la sindano ambalo upana wake ni sifuri. Kwa hiyo ukungu wote ni uongo ninaoutengeneza mwenyewe, na uongo wa kufundishia lazima uende sambamba na hesabu.

Hesabu si ngumu. Chukua kipenyo cha tundu. Zidisha kwa umbali ulio kati ya kitu na mahali ulipofokasi, ukigawanya kwa umbali wa kitu chenyewe kutoka kwenye kamera. Kisha zidisha kwa kiasi ambacho lenzi inakikuza kile ulichokifokasi. Unapata upana wa duara ambalo nukta moja itaenea juu ya sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha. Lenzi ya milimita 50, fokasi mita 3, ukuta uko mita 10: kwa f/2 duara ni milimita 0.30. Sensa ina upana wa milimita 36 na picha ya mchezo ina pikseli 1280, kwa hiyo nukta ya ukutani inaenea pikseli kumi na nusu. Kwa f/16 inaenea pikseli 1.3, karibu si kitu. Nilipoziona namba hizi zikitoka sawa na picha halisi nilizozipiga dirishani kwangu nilisimama nikazunguka chumba.

Kuchora duara lenyewe ndiko kulikonitoa jasho. Mwanzo nilitumia ukungu wa kawaida wa programu za picha, ule unaofifia polepole kuelekea kingo. Picha ikaonekana kama imepigwa nyuma ya kioo kichafu. Lenzi haifanyi hivyo. Nukta ya mwanga iliyo nje ya fokasi inakuwa sahani, yenye mwanga karibu sawa kote na ukingo unaoonekana. Nikabadilisha, nikaweka taa ndogo nyuma ya mandhari, na ghafla picha ikawa picha.

Taa zile zimenipa na zawadi. Kila sahani ya mwanga ni sura ya tundu lenyewe. Lenzi yangu ya kuchora ina vibao sita vinavyolifunga tundu. Tundu likiwa wazi kabisa taa ni duara, likianza kujifunga taa zinaota kona sita na kusinyaa. Mchezaji anaweza kulisoma tundu kwa kutazama nyuma ya picha tu. Sikupanga hivyo, lakini sitoi.

Kasoro mbili, kwa faida ya atakayefuata njia hii. Ya kwanza, sahani za taa zilitoka hafifu, za kijivu. Nilikuwa nachanganya rangi kama zilivyohifadhiwa kwenye faili, ambamo thamani za mwanga zimepindwa kwa ajili ya skrini. Inabidi uzinyooshe kwanza, ufanye ukungu, ndipo uzipinde tena. Ya pili, kila ndege aliyekuwa nje ya fokasi alivaa wanja mweusi kuzunguka mwili. Pikseli tupu zilizomzunguka zilikuwa na rangi nyeusi iliyofichwa, na ukungu uliifichua. Dawa ni kuzidisha rangi kwa uzito wa pikseli kabla ya kuitia ukungu. Mstari mmoja wa msimbo, jioni tatu za kuutafuta.

Mandhari ni tabaka bapa, kila moja na umbali wake, zinachorwa kuanzia ya mbali kuja ya karibu. Si pande tatu halisi. Inatosha.

Wiki ya 5

Jaribio la kwanza na watu. Wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumiliki kamera. Kila hatua ina ombi: huyu awe mkali na wale wa nyuma wapotee, au safu zote mbili zionekane. Mchezaji anasogeza kitelezi cha apecha, picha inabadilika papo hapo, na ombi likitimia mstari wa chini unageuka kijani.

Walipita hatua zote nane bila kukwama. Walicheka, wakasifu taa. Nikalala nimeridhika.

Asubuhi nikawapa picha tatu zilizochapwa, mandhari ile ile, nikawaomba wapange ipi ni f/2, ipi f/5.6, ipi f/16. Mmoja tu alipata, na akakiri amebahatisha. Nikarudi kwenye rekodi za skrini nikaona nilichokuwa sikitazami. Hakuna aliyezisoma namba. Walisogeza kitelezi huku na huku hadi kijani kikatokea, wakasonga mbele. Nilikuwa nimetengeneza redio: unazungusha hadi stesheni ishike.

Nimekaa na jambo hili siku tatu bila kugusa msimbo. Mchezo haukuwa na kasoro. Ulifundisha vizuri sana, ila ulifundisha kusogeza kitelezi.

Wiki ya 6

Dawa imetoka kwenye kamera yenyewe. Kwenye kamera zenye kioo ndani, unapochungulia kidirishani lenzi huwa imefunguka hadi mwisho, namba yoyote uliyoichagua. Imefanywa hivyo ili uone kwa mwanga wa kutosha na fokasi ishike vizuri. Tundu hujifunga hadi f/8 au f/16 yako pale shata, kile kifuniko kinachopitisha mwanga kwa muda mfupi, inapofyatuka, kisha linafunguka tena. Kwa hiyo kwa miongo mingi wapiga picha wamekuwa wakitazama picha moja na kupiga nyingine, na ile ya pili walikuwa nayo kichwani. Nilikuwa nimemnyima mchezaji wangu kazi hiyo hiyo kwa kumwonyesha kila kitu.

Sasa skrini inaonyesha mandhari kwa f/1.4 wakati wote. Unazungusha pete, unalisikia tundu likibofya, lakini picha haibadiliki. Pembeni kuna ramani ya uwanja ikitazamwa kutoka juu: kamera, watu, miti. Unapigilia vigingi viwili, kimoja mahali unapodhani ukanda unaanza, kimoja unapoishia. Ndipo unabonyeza shata. Tundu linajifunga, picha inatoka, na ukanda halisi unachorwa ardhini kando ya vigingi vyako. Alama ni kwa ukaribu wa vigingi. Picha nzuri yenye vigingi vya ovyo haikupi kitu.

Namba ambazo mchezaji anakuja kuzizoea, kwa lenzi ya milimita 50 ikiwa imefokasi mita 3: f/2 inampa ukanda kuanzia mita 2.80 hadi 3.23, yaani hatua moja fupi ya mtu. f/8 ni kuanzia 2.34 hadi 4.19. f/16 ni kuanzia 1.9 hadi karibu mita 7. Hakuna anayeambiwa namba hizi. Anazipata kwa kukosea vigingi mara nne tano.

Nimeongeza pia kitufe cha kuchungulia, kwa sababu kamera nyingi za namna hiyo zina kitufe cha kulifunga tundu kabla ya kupiga. Unacho mara tatu kwa kila hatua. Na kama ilivyo kwenye kamera, ukikibonyeza kwenye f/16 kila kitu kinakuwa giza, kwa kuwa tundu limejifunga kweli. Mjaribu mmoja alidhani simu yake imezima. Nilijaribiwa kuupandisha mwanga kwa siri. Nimeuacha giza.

Jaribio la picha tatu zilizochapwa limerudiwa na watu wengine wanne. Wote wamepanga sawa, na mmoja alianza kubishana nami kwamba ile ya katikati ni f/4, si f/5.6. Nilipoangalia faili, alikuwa amekosea. Lakini alikosea kwa kituo kimoja!

Wiki ya 7

Mpwa wangu ameuvunja mchezo. Hatua zote zinazodai watu wengi wawe wakali, yeye anaweka f/22, anapeleka vigingi mbali, anakusanya alama. "Kama f/22 inatoa wote wakali, nyingine za nini?" Swali zuri kuliko lile la kwanza, na safari hii sikumwambia azoee.

Nilikuwa nimeuacha mwanga nje ya mchezo ili kurahisisha. Sasa umeingia. Toka f/2 hadi f/16 ni vituo sita, na kila kimoja kinakata mwanga nusu, kwa hiyo unabaki na sehemu moja ya 64. Shata iliyokuwa 1/1000 ya sekunde inashuka hadi 1/15 ili picha iwe na mwanga ule ule, na kwenye f/22 inafika 1/8. Nimeweka ndege anayetaka kuruka. Kwa 1/1000 bawa lake ni bawa. Kwa 1/8 ni moshi.

Gharama ya pili inaonekana polepole zaidi. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, na hata nukta iliyofokasiwa sawasawa inageuka kijiduara. Upana wake kwa mwanga wa kijani ni kama mikroni 1.34 mara namba ya f, kwa hiyo f/22 inatoa mikroni 29 au 30. Milimita 0.03. Hicho ndicho kipimo kile kile ninachokitumia kuamua kwamba kitu si kikali tena! Yaani kwenye f/22 ukanda ni mrefu, lakini hata katikati yake hakuna kilicho kikali kabisa. Nimeliweka hili kwenye hatua ya tisa, kwa kukuza jicho la mtu hadi kope zionekane au zisionekane.

Mjaribu mmoja mwenye kusomasoma aliniuliza mbona kulikuwa na kundi la wapiga picha wa Marekani, akina Ansel Adams na Edward Weston, lililojiita f/64 mwaka 1932. Kamera zao zilikuwa kubwa, na lenzi ya milimita 300 kwa f/64 ina tundu la milimita 4.7, si tundu la sindano. Isitoshe filamu ya ukubwa ule haihitaji kukuzwa sana, kwa hiyo kijiduara hakionekani. Nilitaka kumtengenezea hatua ya siri. Nimeandika kwenye karatasi ya "baadaye", ambayo sasa ina kurasa mbili.

Wiki ya 8

Sikufanya kitu.

Wiki ya 9

Umbali. Hili nililitarajia kuwa dogo, limekula wiki nzima, na naanza kushuku kwamba ndilo lililopaswa kuwa la kwanza. Lenzi ile ile ya milimita 50, f/2 ile ile: kwa mita 3 ukanda ni sentimita 43, kwa mita 1 ni sentimita 4 na nusu. Mchezaji akisogea mbele ukanda unanywea kuliko pete ya apecha inavyoweza kuunyweza. Nimempa mchezaji miguu. Sasa anaweza kutembea kwenye ramani.

Mara malalamiko yakaja kwamba vigingi vimeharibika. Wawili walikuwa wamefundishwa kwamba ukanda hugawanyika theluthi moja mbele ya fokasi na theluthi mbili nyuma, na mchezo wangu hauwapi hivyo. Kanuni hiyo ni kweli mahali pamoja tu. Kila apecha ina umbali fulani ambao ukifokasi hapo, ukali unafika hadi upeo wa macho. Theluthi zile hutokea ukifokasi theluthi ya umbali huo. Kwa f/8 umbali huo ni mita 10.5, ndiyo maana kwa mita 3 kanuni inakaribia kuonekana sawa. Ukisogea hadi mita 1 kwa f/2, mbele na nyuma zinakaribia kulingana. Nimeongeza hatua inayoanza pale kanuni inapofanya kazi, kisha inakusogeza mbele taratibu. Ni uchokozi kidogo, nakiri.

Na mwiba wa kujidunga. Kwenye skrini kubwa watu wote walionekana wakali kupita kiasi, kwenye simu walionekana wa ukungu, na hesabu ni ile ile. Nilikuwa nimeandika upana wa sahani kwa pikseli zisizobadilika, skrini yoyote ile. Katika kurekebisha ndipo nikaelewa vizuri kipimo cha milimita 0.03 nilichokuwa nakitumia kama amri. Ni makubaliano tu: sehemu moja ya 1200 ya upana wa sensa, kwa mtu anayeshika picha ya wastani mkononi na kuitazama kwa umbali wa kawaida. Ibandike ukutani, isogelee, na ukanda unapungua bila mtu kugusa kamera. Nimeweka kitufe cha kukuza picha baada ya kupiga, na mpaka wa ukanda unasogea unapokuza.

Wiki ya 11

Hatua ziko kumi na mbili. Simu za zamani zinasuasua pale sahani za taa zinapokuwa nyingi. Nimepunguza sampuli, yaani nukta za jirani zinazochanganywa kutengeneza ukungu, toka 48 hadi 24 kwa kila pikseli, na tofauti naiona mimi peke yangu. Sauti ya shata bado ni ya mkasi niliourekodi jikoni. Maelezo ya hatua ya kumi ni marefu mno na hakuna anayeyasoma, nitayafuta nione kama kuna atakayeuliza.

Juzi mpwa wangu ameazima tena kamera. Amerudi na picha ya paka, jicho moja kali, la pili limezama kwenye ukungu. Nikaiangalia, nikafungua mdomo kumwambia aende f/4.

"Najua, Mjomba," akaniwahi. "Nilimsogelea mno. Ningerudi nyuma hatua moja tu, nisingegusa pete."

Wiki ijayo namhamishia paka kwenye mchezo, hatua ya pili, na miguu inaingia kabla ya pete.